Nairobi hadi New York: saa 15 zinatoka wapi?

Tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy vimeachana kwa kilomita zipatazo 11,840. Boeing 787-8, ndege ya safari hiyo, hukata anga kwa kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na dakika chache, ilhali safari ya kwenda ilitangazwa kuwa ya saa 15.

Sehemu ya tofauti hiyo iko ardhini, maana saa za ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena. Sehemu nyingine ni njia yenyewe. Njia fupi hupanda kaskazini magharibi kupitia Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Moroko, kisha Atlantiki. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani ungepita kusini zaidi, juu ya Burkina Faso na Mauritania, na kuongeza zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo rubani hulazimika kupinda akikwepa mawingu ya radi au anga zisizo salama. Halafu kuna upepo. Huko juu, katika latitudo za kati, pepo kali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ndege ya kwenda hupambana nazo na ya kurudi husukumwa. Ndiyo maana kurudi kulipangiwa saa 14.

Kwangu mimi, kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuondoka Nairobi. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba: mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini nazo hupungukiwa msukumo, na joto la mchana huzidisha tatizo. Ndege hii huruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa takriban tani 228, lakini kwenye mwinuko kama huo kikomo kinaweza kushuka, na mafuta ya safari ndefu hayapunguziki. Kinachoachwa ni mizigo. Ratiba ya kwanza iliweka safari saa 5:25 usiku, wakati hewa imepoa na kuwa nzito kidogo. New York iko karibu usawa wa bahari, hivyo ndege ya kurudi huondoka bila kikwazo hicho.

Ndege ya kwenda ilitarajiwa kutua New York saa 12:25 asubuhi. Msomaji asidanganyike kwamba ni saa 7 tu: wakati wa majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo jumla ni 15. Unapolinganisha tiketi, geuza kwanza saa zote ziwe za mji mmoja.