Kufuli moja, funguo mbili: ngozi inavyolea seli zake za kinga

Kisangani inaijua mpox kwa macho, si kwa kusimuliwa. Jimbo lake la Tshopo, huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, limo katika ukanda wa msitu ambako virusi hivi vimekuwa vikiruka kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu kwa miongo mingi. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa duniani, mtoto wa miezi 9, alipatikana mwaka 1970 huko Basankusu, katika jimbo la Équateur la nchi hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, watu walizungumzia zaidi chanjo. Ngozi yenyewe, ambako vipele huchomoza, ilitajwa kwa nadra.

Ndani ya tabaka la juu la ngozi hiyo hukaa seli za Langerhans, zenye matawi kama buibui aliyetandaza miguu. Ni chache, asilimia 2 hadi 5 tu ya seli za tabaka hilo, na kazi yake ni kunasa vipande vya vijidudu na kuvipeleka kwenye tezi za limfu ili seli nyingine za kinga zivijue. Paul Langerhans alizigundua Berlin mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Akadhani ni seli za neva. Kosa hilo lilidumu miaka mingi.

Swali lililowashinda wataalamu baadaye lilikuwa hili: nani huzilea? Mwaka 1996 ilionekana kwamba panya wasio na protini iitwayo TGF-β1 hawana seli za Langerhans kabisa. Hapo palikuwa na jibu moja, lakini halikutosha.

Fumbo lenyewe lilitokana na panya wa aina mbili. Wa kwanza, wenye kasoro ya kuzaliwa, hawakuweza kutengeneza CSF-1, kichocheo cha ukuaji kinachokuza makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Mifupa yao ilikuwa mizito kupita kiasi na meno hayakuota. Makrofaji zao nyingi hazikuwepo. Hata hivyo seli za Langerhans zilikuwa pale pale. Panya wa pili walikosa kipokezi cha CSF-1, yaani kufuli ambamo ufunguo huo huingia. Hao, kama kundi la utafiti la Miriam Merad lilivyoonyesha mwaka 2006, hawakuwa na seli za Langerhans. Ufunguo ukiondolewa, mlango unafunguka. Kufuli ikiondolewa, hakuna kitu. Hesabu ilikuwa na jibu moja tu: kulikuwa na ufunguo mwingine.

Ulipatikana mwaka 2008, watafiti walipochekecha protini nyingi za binadamu zinazotolewa nje ya seli, wakitafuta zinazoamsha seli za kinga. Mojawapo ikapewa jina IL-34, nayo ilishika kipokezi kile kile cha CSF-1, ingawa protini hizo mbili hazifanani kwa mpangilio wa asidi amino.

Kazi nzuri kuliko zote, kwa maoni ya safu hii, ilifuata mwaka 2012. Kundi la Marco Colonna huko St. Louis liliondoa jeni la IL-34 kwa panya na kuweka mahali pake jeni la bakteria linalotoa rangi ya samawati. Panya huyo mmoja alijibu maswali mawili. Rangi ilionyesha ni wapi IL-34 ingetengenezwa: kwenye keratinosaiti, zile seli za kawaida zinazojenga ngozi, na kwenye seli za neva za ubongo. Na kilichopungua kilionyesha kazi yake: seli za Langerhans, pamoja na mikroglia, makrofaji za ubongo. Merad naye alifikia matokeo kama hayo mwaka huo huo. Seli za ngozi zilizodhaniwa kuwa matofali tu ndizo walezi.

Lakini ngozi ikichomwa na mionzi ya urujuanimno na ikavimba, mambo hugeuka: monosaiti, seli za kinga kutoka kwenye damu, huja kujaza pengo la seli za Langerhans zilizopotea, na hapo CSF-1 ndiyo huhitajika.

Virusi vya familia ya ndui, mpox ikiwemo, hucheza mchezo huu wa funguo mbili kwenye kufuli nyingine. Vina jeni linalotengeneza nakala ya kichocheo cha ukuaji cha ngozi, EGF, na kugusa kipokezi chake. Nakala ya virusi vya chanjo ya ndui ilitambuliwa katikati ya miaka ya 1980, na hutolewa mapema, saa za mwanzo za maambukizi, ikizihimiza seli zilizo jirani kugawanyika. Mwaka 1988 Mark Buller na wenzake waliondoa jeni hilo, na virusi vikadhoofika kwa panya. Jaribio hilo lilihusu virusi vya chanjo, si vya mpox yenyewe, kwa hiyo daktari wa Kisangani hawezi bado kulitumia kama kipimo cha vipele anavyoviona.