Bi Msimulizi na Mtoto Mgongoni: Kuisoma "Nguzo Mama" Kutoka Kashai

Hivi mwandishi mwanamke anaitwa nani? Swali linaweza kuonekana jepesi, lakini mimi limenisumbua tangu likizo niliyokwenda nyumbani Kashai, mjini Bukoba, nikiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni na tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), mkobani. Mtaani hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa "mama fulani", na huyo fulani mwenyewe meno yalikuwa hayajafika hata manne. Wakati huohuo semina ilikuwa inangoja uhakiki wangu. Nikajiuliza: atakayeandika ni yupi, mimi au mama fulani?

Katika makala hii nitajaribu kuonesha kwamba Nguzo Mama inalo jibu, ila tulivyozoea kuisoma tunalipita.

Walioisoma watakumbuka. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Mwandishi hakuwapa majina, amewapa namba, hadi kufikia Bi Nane. Kila mmoja ana la kwake linalomvuta: huyu mume, huyu biashara, huyu msiba na ndugu wa marehemu wanaogombea mali. Mwisho wa mchezo nguzo haijasimama. Darasani tunaeleza haraka haraka kwamba namba zinawakilisha wanawake wote, na kwamba nguzo imeshindikana kwa sababu wanawake hawana umoja. Katika semina yetu mwenzetu mmoja alihitimisha kwa ule usemi kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke, watu wakacheka, tukaenda kula.

Maelezo hayo si ya uongo. Ugomvi na kutoaminiana vimo ndani ya tamthilia. Lakini yanaishia njiani, tena yanamrudishia mwanamke lawama ya mzigo aliotwishwa. Kwa maoni yangu namba zile ni shtaka. Jamii ya Patata inawahesabu wanawake kama inavyohesabu mikungu ya ndizi: wapo wangapi, wamezaa wangapi, wamelima kiasi gani. Nguzo nayo ndivyo ilivyo. Inashika paa, kila mtu anaiegemea, lakini nani amewahi kuiuliza nguzo inaonaje?

Sasa tumtazame mhusika mmoja ambaye hana namba, Bi Msimulizi. Jina lake halitokani na mume wala na mtoto, wala na nafasi yake katika foleni. Linatokana na kazi yake. Ndiye anayezungumza nasi watazamaji, ndiye anayetupa habari za Patata. Uhakiki mwingi humtaja katika fani tu, kwamba mwandishi ametumia mbinu ya ngano, basi. Mimi nadhani yeye ni dhamira. Ndani ya tamthilia inayohusu mwanamke aliyebebeshwa kila kitu, Muhando amemweka mwanamke anayesema.

Hili sikuligundua maktaba. Nililigundua jikoni kwa bibi, Kashai. Nilikuwa namnyonyesha mtoto, bibi anamenya ndizi, huku anawasimulia wajukuu ngano. Sisi Wahaya msimulizi hufungua kwa kusema kwamba alikuja akaona. Wasikilizaji humjibu: ona nasi tuone. Jamani, hebu tulifikirie jibu hilo. Wanaosikiliza wanamkabidhi macho yao. Bibi yangu amezaa, amelea, amelima migomba na kahawa, na hakuna aliyewahi kumwambia achague kati ya kuwa mama na kuwa msimulizi. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake.

Basi uzazi na utunzi haukuwa na ugomvi penye moto. Ugomvi umeanzia wapi? Nadhani umeanzia pale ngano ilipoingia kitabuni. Msimu wa senene ukifika, wazee watakueleza kwamba kwa mila ya zamani wanawake ndio waliowakusanya na kuwaandaa, lakini hawakuruhusiwa kuwala. Ngano zimepata bahati kama hiyohiyo. Bibi anasimulia, mwingine anaandika, na jina la bibi halionekani jaladani.

Na weusi je? Kashai hakuna anayenikumbusha kwamba mimi ni mweusi, kwa kuwa sote tuko hivyo. Hilo nimefundishwa na vitabu vya waliovuka bahari. Mnigeria Buchi Emecheta alikwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1960 kumfuata mumewe, na huko akakuta rangi yake imemtangulia hata mlangoni kwa wenye nyumba za kupanga. Mumewe aliuchoma moto mswada wake wa kwanza. Baadaye aliuandika upya, ukatoka mwaka 1976. Lakini tazama tabaruku ya riwaya yake ya Second-Class Citizen (1974): anawatolea wanawe watano kitabu hicho, akisema bila makelele yao kisingeandikwa. Kumbe aliyewasha kiberiti hakuwa mtoto! Tunapowaambia wanawake kwamba watoto ndio wanaoua kalamu, tunamsahau mwenye kiberiti.

Turudi nyumbani. Tamthilia tunazozisoma zina jina la Penina Muhando. Kitabu chake cha kitaaluma kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo, cha mwaka 1991, kina jina la Penina Mlama. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hudhani ni watu wawili. Mimi sioni kosa hapo. Naona mtu mmoja anayeweza kuitika mara mbili, na kazi zote mbili zimesimama.

Hata hivyo ninalo la kumlaumu mwandishi. Bi Msimulizi anawaona wanawake wa Patata vizuri sana, lakini wao hawapati nafasi ya kumjibu kama wajukuu wanavyomjibu bibi. Anaona, ila hakuna anayemwambia: ona nasi tuone. Huenda nguzo imeshindikana hapo pia. Wanawake walikuwa na kamba na nguvu. Walichokosa ni kusikilizana masimulizi yao kabla ya kuvuta. Umoja hauji kwa kuhubiriwa, huja mtu akishasikika.

Mhariri ameniuliza makala hii itoke kwa jina gani. Nimemwambia aandike langu, na kwamba mama fulani ndiye aliyeiandika, usiku, mtoto akiwa macho. Asiyekubaliana nami aandike, tumsikie.