Zara Ametua Mbinga, Mashine za Mtumba Zimefufuka

Imewaka! Wala haikuwaka kwa kusuasua, na kile kiduara kinachozunguka mpaka mtu unaondoka kwenda kuchemsha chai. Imewaka, ikakamata waifai yenyewe, spika zikaita, kioo kikatulia kwenye mwanga sahihi, na hapo sijasimika kitu chochote ndani ya diski. Yote hayo yanatoka kwenye flashi ya GB 8 iliyochomekwa ubavuni. Jamani, wenye kompyuta mpakato za mtumba wa Mbinga mjini, Kigonsera, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, sogeeni karibu. Hili linawahusu ninyi kuliko linavyowahusu watu wa Masaki.

Mgeni anaitwa Linux Mint 22.2, jina lake la nyumbani Zara, na ametoka Septemba 2025. Wenye Mint wana desturi ya kuyapa matoleo yao majina ya kike yanayoishia na herufi a, tangu Ada wa mwaka 2006, Mfaransa Clément Lefebvre alipouanzisha mradi huu. Zara amejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na masasisho yake ya usalama yatakuja hadi 2029. Nimechukua sura yake ya Xfce, iliyo nyepesi kuliko Cinnamon na MATE, kwa sababu mashine yangu si ya kutamba nayo: Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya SSD ambayo haijulikani imeshapita mikononi mwa nani.

Na hapo kwenye kizazi ndipo kisa kilipo. Windows 10, iliyoingia sokoni 29 Julai 2015, iliishiwa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana wengi hawajashtuka. Zinaendelea kuwaka kila asubuhi, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi. Ziwa letu lina historia ya watu kukosa taarifa. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa kwenye matengenezo pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, nahodha wake akiwa hana habari kwamba vita vimeanza, Waingereza wakaja na meli yao, Gwendolen, wakaikuta imekaa tu. Kompyuta nyingi za mkoa wa Ruvuma zipo kwenye hali hiyo sasa hivi.

Jibu la Microsoft ni kuhamia Windows 11, lakini mlangoni wanadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na kwa ujumla prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Sasa niambie, mashine zinazoshuka Kariakoo kutoka Dubai, zikapandishwa basi hadi Songea na kuishia madukani kwetu, ni za kizazi gani? Cha 4, cha 5, cha 6. Zimestaafishwa kwenye ofisi za Ulaya kwa sababu hizo hizo. Mlango umefungwa kabla hujabisha hodi.

Zipo njia nyingine, nazo nizitaje haraka. Microsoft wanatoa nyongeza ya masasisho ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Kama hutaki kuhangaika mwaka huu, ichukue. Ipo pia programu ya Rufus, inayotengeneza flashi ya Windows 11 isiyouliza habari za TPM. Inafanya kazi kwa mashine nyingi, ila Microsoft wenyewe wameshasema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Na ipo ile njia yetu ya siku zote, kumpelekea fundi “akupigie Windows”, pamoja na kile kiprogramu chake cha kuifungua bila leseni. Hiyo siipendekezi kwa adui yangu. Unazima kinga ya virusi kwa mkono wako ili umkaribishe usiyemjua.

Tumrudie Zara.

Faili lake lina kama GB 3. La Windows 11 linazidi GB 5. Kwa anayenunua bando, tofauti hiyo ni hela. Lipakue usiku kwa bando la usiku, tumia programu inayoweza kuendelea pale mtandao ulipokatikia, na likishashuka, linganisha alama yake ya ukaguzi na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Wengi huiruka hatua hiyo, kisha usimikaji ukigoma katikati wanailaumu diski. Baada ya hapo unaliandika kwenye flashi kwa Rufus au Ventoy, unazima mashine, unaiwasha huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa baadhi ya mashine ni F9, nyingine F12, nyingine Esc. Gonga mfululizo, usishikilie.

Kisha unaonja! Hapo ndipo nilipopagawa. Unatembea ndani ya mfumo mzima, unafungua Firefox, unacheza video, unajaribu kibodi na kamera, na diski yako yenye Windows haijaguswa hata kidogo. Usipopenda, unachomoa flashi, unawasha upya, kila kitu kipo ulipokiacha. Menyu ipo kona ya chini kushoto, saa kulia, mafaili yanafunguka kwa kubofya mara mbili. Aliyezoea Windows 7 hatauliza njia. Mashine ikiwa imetulia, mfumo ulikuwa unatumia kama GB 1 ya RAM. Feni ilinyamaza! Sikuwahi kujua mashine hii inaweza kukaa kimya.

Halafu nikashuka nayo Mbamba Bay. Barabara ya kutoka Mbinga ni ya lami, unaacha baridi ya kahawa huku juu, unakata kona, na ghafla ziwa limejaa kwenye kioo cha gari. Nilitaka kuijaribu kwenye duka la steshenari, mahali ambapo kompyuta inakutana na flashi za kila mtu. Na flashi za kila mtu zina ugonjwa ule ule. Mnaujua: unaichomeka, unakuta ndani kuna shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe, mafaili yameyeyuka. Ukiibofya kwenye Windows isiyo na kinga, kirusi kimehamia kwako. Mwenye duka akanipa flashi ya mwalimu aliyekuja kuchapa mitihani akaondoka akilia. Zara akaifungua na kuanika kila kitu mezani: lile faili la .lnk, jingine la .vbs, na pembeni folda isiyo na jina lolote, tupu ukiitazama kwa nje, ambamo mitihani yote ilikuwa imefichwa. Nikaiburuta mitihani nje, nikafuta uchafu. Kirusi kile kimeandikiwa Windows, hapa hakina pa kushika.

Dada mwenye duka akasogeza kiti.

“Kaka, hii inalipiwa shilingi ngapi?”

“Bure.”

“Bure ya siku ngapi?”

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa, maana tumezoea bure yenye tarehe ya mwisho. Hakuna siku. Hakuna namba ya leseni wala maandishi ya kukukumbusha kona ya chini ya kioo kwamba hujalipa. Utaigawa kwa jirani na hakuna atakayekuita mwizi.

Akauliza la pili, lenye uzito zaidi: printa je? Hapo nilishusha pumzi kidogo. Printa nyingi za miaka ya karibuni, zinazokubali kuchapa kupitia mtandao bila draiva, Zara anaziona mwenyewe. Printa za leza za zamani ni bahati nasibu. Zipo ambazo draiva yake iliandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Ya dukani kwake iliitikia. Yangu ya nyumbani imegoma mpaka sasa, na kisomaji cha alama ya kidole kwenye mashine yangu nacho hakitambuliki, ingawa Zara amekuja na programu mpya ya kazi hiyo hiyo, Fingwit. Kwa hiyo sheria kwa mwenye steshenari ni moja: jaribu printa na skana ukiwa bado unaonja kwa flashi.

Walimu na watumishi wa halmashauri wananiuliza kuhusu mifumo ya serikali ya PEPMIS, ESS na NeST. Zote zinafunguka kwenye kivinjari, hazijali chini yake kuna Windows au Linux. Kazi za Word ndizo za kuangalia. LibreOffice inayokuja na Mint inafungua .docx bila shida, lakini mtihani wenye majedwali na michoro unaweza kusogea mstari, swali la 7 likahamia ukurasa wa pili. Mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri ina mbadala wake, Carlito, wenye vipimo vile vile, na Times New Roman ina Liberation Serif. Ila Aptos, ile ambayo Office mpya inaanza nayo, haina pacha. Badili fonti kabla ya kuhamisha, au hifadhi nakala ya PDF ya kuchapa.

Ukishaonja ukanogewa ukataka kusimika, hapo sasa tulia. Kwanza umeme. Tangu gridi ya Taifa ifike Songea mwaka 2018 hatuishi tena kwa kusikiliza jenereta, lakini umeme kukatika upo, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika wakati diski inagawanywa unaweza kupoteza kila kilichomo. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ina nafuu. Pili, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, yote, na zile picha za harusi. Tatu, kama diski imefungwa kwa BitLocker, zima ulinzi huo kwanza au hakikisha unao ule ufunguo wa tarakimu 48, la sivyo Windows inaweza kukuulizia ufunguo huo siku usiyotarajia.

Ukitaka kubaki na mifumo miwili, zima na ile kasi ya kuwasha ya Windows, inayoacha diski ikiwa nusu usingizini hata Linux ikakataa kuandika humo. Ikitokea programu ya kusimika haioni diski kabisa, tazama BIOS kama diski imewekwa kwenye RAID au RST ya Intel. Mint inataka AHCI, lakini ukibadilisha ghafla Windows iliyobaki inaweza isiwake, kwa hiyo mtafute anayejua. Na usome vizuri ukurasa wa kugawa diski, maana chaguo la kufuta diski nzima na lile la kusimika pembeni ya Windows yamekaa pamoja.

Kioja nilichokipenda zaidi ni cha saa. Baada ya kusimika, ukirudi Windows unakuta saa imerudi nyuma saa tatu kamili. Saa 4 asubuhi, Windows inakuambia ni saa 1. Hakuna kilichoharibika. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwenye majira ya dunia, Windows inaisoma saa hiyo hiyo ikidhani ni ya hapa, na Afrika Mashariki tumewatangulia kwa saa tatu. Fungua dirisha la amri ndani ya Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, wakubaliane.

Lalamiko langu kubwa kwa Zara ni Kiswahili. Sehemu kubwa ya menyu inasoma Kiingereza, na mwenye duka wa Mbamba Bay alikuwa anakariri mahali pa kubofya badala ya kusoma. Hili linauma kwa sababu tulishaanza mapema: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyo hiyo. Tafsiri za programu hizi ziko wazi kwa yeyote mwenye muda. Wanafunzi wa kompyuta mnaotafuta mradi, huo hapo.

Asihame nani? Anayeishi kwa Photoshop na Illustrator, asihame. Mhasibu wa Tally au QuickBooks ya kusimikwa, asihame, au abaki na mifumo miwili. Karani wa chama cha msingi cha kahawa ambaye daftari lake la Excel limejaa makro alizoandikiwa na mtu aliyeshahama mkoa, aijaribu nakala ya daftari kwenye LibreOffice kabla ya msimu wa mavuno, asisubiri foleni ya wakulima iwe mlangoni. Wengine wote, wanaovinjari, wanaoandika barua, wanaotazama mpira na kuchapa vyeti vya ubatizo, sioni kinachowazuia.

Nimeshaombwa nije nitazame kompyuta moja ya mezani ya zamani kabisa, ya prosesa ya biti 32 na RAM ya GB 2. Zara haingii humo, yeye ni wa biti 64 peke yake. Ila ndugu yake aliyejengwa juu ya Debian, LMDE 6, ana toleo la biti 32, na faili lake linashuka usiku huu.