Nafasi Kabla ya Mashine: Msikilizaji Anavyonasa Onyesho la Bendi Kongwe

Asubuhi baada ya dansi, simu nyingi kuanzia Kalenga hadi Iringa mjini huwa na mkasa uleule. Mwenye simu alisimama ukumbini usiku kucha, mkono juu, bendi kongwe ikipiga kama enzi zake. Sasa anawafungulia nduguze wasikie. Waimbaji wamemezwa na besi, matarumbeta yamepasuka, na kila dramu inapogongwa muziki wote unazama kisha unaibuka taratibu. Lawama anabebeshwa aliyetengeneza simu. Naona lawama hiyo imepotea njia. Rekodi ya ukumbini huamuliwa kwanza na pale msikilizaji aliposimama, pili na kiwango cha sauti alichokiweka. Mashine inakuja ya tatu.

Nianze na mfano wa mbali. Tarehe 21 Juni 1977, Led Zeppelin walipiga roki yao nzito katika ukumbi wa Forum, karibu na Los Angeles. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Mike Millard, ambaye hakuwa mwajiriwa wa bendi wala wa kampuni ya santuri. Alikuwa na rekoda ya kaseti aina ya Nakamichi 550 na maiki mbili za AKG, vifaa alivyoviingiza kwa kuvificha katika kiti cha magurudumu. Mkanda aliotoka nao usiku ule mpaka leo unatajwa kati ya rekodi bora kabisa kuwahi kufanywa na mtazamaji. Chombo chake kilikuwa kaseti, mkanda mwembamba unaotembea sentimita 4.76 kwa sekunde, uleule uliokuwa ndani ya redio kaseti za baba zetu. Maiki zake zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini maiki hizohizo zikiegemezwa kwenye ukuta wa nyuma zingerudi na kishindo kitupu.

Sababu iko katika safari ya sauti. Chukua ukumbi wenye urefu wa mita 20. Ukisimama mita 5 kutoka kwenye spika, sauti ya moja kwa moja inasafiri mita 5 kukufikia. Ile inayokupita, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi, imesafiri mita 35, mara saba zaidi, kwa hiyo inafika imechoka. Sogea nyuma hadi mita 15. Sasa ya kwanza imesafiri mita 15 na ile iliyorudi mita 25. Zinakaribiana nguvu, na zinafika kwa nyakati tofauti. Ongeza bati la juu, sakafu ya saruji na kuta za pembeni, kila kimoja kikirudisha sauti kwa wakati wake. Hapo ndipo gitaa la rithimu, ambalo uhai wake ni zile nafasi fupi kati ya pigo na pigo, linageuka uji. Sikio la aliyekuwapo linaweza kuchambua vurugu hiyo kwa sababu lina ubongo nyuma yake na macho yanayoona vidole vya mpigaji. Maiki haina msaada huo. Inapokea kila kinachoifikia.

Basi je, tusogee hadi miguuni pa jukwaa? Hapana. Katika kumbi zetu sauti za waimbaji hutoka kwenye spika kubwa zilizowekwa pembeni, zikielekezwa kwa wachezaji. Aliyesimama katikati, chini kabisa ya jukwaa, spika hizo zinampita kushoto na kulia. Anachonasa ni amplifaya za magitaa na dramu, na mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili. Kipimo ninachokitumia ni pembe tatu. Ukiona spika mbili zimeachana mita 6, simama katikati, mita 6 kutoka kwa kila moja. Kaa mbali na ukuta, na zaidi mbali na kona, maana besi hujirundika huko. Kisha inua maiki ipite vichwa vya watu. Miili na nguo humeza sauti nyembamba, zile zinazobeba matoazi, herufi "s" za mwimbaji na makali ya gitaa la solo.

Sasa kiwango. Simu nyingi zina utaratibu wa kujipunguzia na kujiongezea sauti zenyewe. Umetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, ili anayenong'ona na anayepaza sauti wasikike sawa. Mbele ya bendi utaratibu huo unakuwa adui. Dramu ikigongwa, simu inashtuka na kushusha kila kitu, halafu inapandisha polepole. Hilo ndilo kuzama na kuibuka nililolitaja mwanzoni. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuuzima, au tumia rekoda ndogo ya mkononi. Weka kiwango ili vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo ukomo wa juu wa rekodi ya kidijitali, ukikumbuka kwamba bendi haipigi wimbo wa kwanza kwa nguvu itakayopigia ule wa saa saba usiku. Mkanda wa kaseti ukizidiwa hulainisha vilele kwanza, kwa hiyo uliwasamehe wengi. Rekodi ya kidijitali haisamehi. Kikipita sifuri, kilele kinakatwa bapa, na hakuna fundi atakayekirudisha kama kilivyokuwa. Ukirekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, katika njia mbili za sauti, saa moja inakula takriban gigabaiti moja. Dansi la saa tano linahitaji nafasi ya gigabaiti tano na betri ya akiba. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Iringa ikikaza, betri hiyo itunze kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kwa nini tujisumbue hivyo, ilhali nyimbo zenyewe zipo? Kwa sababu zilizopo ni za aina moja. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park ikazaliwa mwaka 1978. Iringa yenyewe ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyowakusanya pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kazi nyingi za bendi za kizazi hicho tunazijua kupitia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, au kupitia santuri ndogo ambazo wimbo ulikatwa sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande mwingine. Ukumbini hakuna upande wa pili. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, linapoanza, linakwenda mpaka wachezaji waseme basi. Mpiga solo anarudia kipande kimoja akikigeuza kidogo kila mara. Mwimbaji anawataja waliopanda kumtunza, na watu wanamwitikia. Hayo ndiyo dansi lenyewe, na mahali pake pa kuhifadhiwa ni rekodi ya msikilizaji.

Wenye kanda za zamani nao wana kazi ya uchambuzi. Nimesikia watu wakisikiliza kaseti ya ukumbini na kutangaza kwamba bendi ilishusha ufunguo kwa sababu mwimbaji amezeeka. Pima kwanza. Kaseti iliyopigwa asilimia 6 taratibu zaidi hushusha muziki wote nusu toni nzima, na mota iliyochakaa hufanya hivyo bila kuuliza. Kipimo mara nyingi kimo ndani ya mkanda wenyewe. Amplifaya za jukwaani huvuma kwa umeme wa hertzi 50. Kati ya wimbo na wimbo, tafuta uvumi huo kwa programu ya kompyuta. Ukiukuta kwenye 47, mkanda unakwenda taratibu, na sauti ya mzee haina hatia. Tahadhari ni moja: ukumbi uliotumia jenereta hauaminiki kwa kipimo hiki, maana jenereta nayo huyumba.

Jambo moja la Millard sitaki tuliige, nalo ni kujificha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwanamuziki haki juu ya onyesho lake, si juu ya santuri tu. Njia ya kuomba ruhusa imeshajaribiwa. Mwaka 1984 bendi ya Grateful Dead ya Marekani iliwatengea watazamaji wanaorekodi sehemu yao rasmi ukumbini, nao wakauziwa tiketi kama watu wengine. Huku kwetu inatosha kumwona kiongozi wa bendi kabla ya muziki kuanza, kumweleza nia yako, na kumpa nakala kamili baadaye. Wazee wengi wa dansi hawana hata saa moja ya kazi yao ya ukumbini. Nakala hiyo ni haki yao kabla ya kuwa burudani yako.

Ukifika nyumbani, usilale kabla ya kuhifadhi faili halisi mahali pawili bila kuibana. Kisha andika jina la bendi, tarehe, ukumbi, majina ya wapigaji kwa vyombo vyao, na umbali uliosimama kutoka kwenye spika. Hilo la mwisho wengi huliacha. Atakayesikiliza miaka 30 ijayo akajiuliza kwa nini tarumbeta liko mbali na besi liko karibu, jibu atalikuta hapo, wakati ukumbi umeshabomolewa na wapigaji hawapo wa kuulizwa.