Kusoma na Kufahamu

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza kueneza mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma nchini kote. Mtoto wa madarasa ya chini alikusudiwa apate kitabu chake mwenyewe. Mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo. Nao maofisa wa elimu wakaingia madarasani kusikiliza na kushauri.

Mpango huo wastahili sifa, kwa maana mwalimu mmoja hodari hawezi kuinua wilaya nzima peke yake. Lakini tuutazame upungufu wake. Kipimo chake kikubwa kilikuwa hesabu ya maneno asomayo mtoto kwa dakika moja, katika Kiswahili na Kiingereza. Mfikirie mtoto wa Rombo, kule Kajiado, ambaye nyumbani husikia Kimaasai tu. Aweza kutamka "mvua imenyesha" upesi, asijue kuwa kumenyesha. Ulimi umesoma, akili ingali mlangoni. Jaribio lililoutangulia mpango huo lilifundisha pia kwa Kikamba na Kibukusu, Kimaasai hakikuwamo.

Basi, mdogo wako akikusomea, usihesabu maneno tu. Mwulize, "Hadithi yasema nini?"