Kugeuka na Kurudi: Uhakiki wa Roboti Geuzi Mbele ya Ngalawa ya Mtoto

Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi, na wahakiki wetu wamelishika neno hilo kwa mikono miwili. Tumehakiki tenzi na riwaya, tumehakiki taarabu, tumeandika hata juu ya nakshi za milango. Lakini vitu vya kuchezea, ambavyo ndivyo sanaa ya kwanza kushikwa na mkono wa binadamu, tumeviacha vipite bila ya kuulizwa swali. Makala haya yanajaribu kuuliza. Kinachohakikiwa ni roboti geuzi aitwaye Convoy, wa kwanza katika mfululizo wa Missing Link, aliyetolewa na kampuni ya Takara Tomy ya Japani mwaka 2024. Alifika Kilindoni ndani ya sanduku la mpwa wangu anayefanya kazi Maskat, ambaye ni mkusanyaji wa vitu hivi, na ambaye alinikabidhi kwa sharti moja tu: boksi lisifunguliwe.

Sharti hilo nitalirejea, kwa kuwa ndani yake mna kiini cha haya nitakayoyasema. Kwanza tuangalie nasaba ya kitu chenyewe.

Mwaka 1980 kampuni ya Takara ilianza kutoa vichezeo vilivyoitwa Diaclone. Vilikuwa mashine za kubuniwa zilizoendeshwa na watu wadogo wa plastiki, na miongoni mwao lilikuwamo lori lililoweza kukunjuliwa likasimama kama mtu. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani iliyachukua maumbo hayo, ikayachanganya na mengine ya Takara, ikayapa jina moja la Transformers. Jambo kubwa lililofanyika hapo halikuwa la plastiki bali la fasihi. Wajapani walikuwa wameunda mashine. Wamarekani wakaitia nafsi. Mwandishi wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel, Bob Budiansky, ndiye aliyewaandikia wengi wao majina, tabia na udhaifu. Yule dereva mdogo wa plastiki akatoweka, na lori likawa linajiendesha lenyewe, lina dhamiri na lina adui. Marekani lori hilo likaitwa Optimus Prime. Japani likabaki na jina la Convoy. Mashine ikawa mhusika.

Sisi huku tulimfahamu mhusika huyo kwa njia ya mzunguko. Baada ya filamu ya Michael Bay ya mwaka 2007, vijana wetu walimwona katika vibanda vya video, na nakala zake za bei rahisi zikaanza kuteremka kutoka Kariakoo pamoja na ndoo na kandambili. Nakala hizo huvunjika bega siku ya pili. Mtoto wa Mafia, kwa hiyo, amezoea roboti asiyegeuka: roboti aliyekwama katika umbo moja, na mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi wa nyavu.

Tukija kwenye fani, huyu wa mwaka 2024 ameundwa kwa shabaha moja iliyo wazi. Anapokuwa lori, anafanana na yule wa mwaka 1984: kichwa chekundu cha lori, madirisha yake, na tela la kijivu nyuma. Anapokunjuliwa, vioo vya mbele vinakuwa kifua, sehemu ya nyuma yenye magurudumu inakuwa miguu, mikono inatoka ubavuni, na kichwa kinachomoza kutoka mahali kilipokuwa kimefichwa. Hayo yote ni ya zamani. Jipya ni viungo. Yule wa mwanzo alisimama kama nguzo. Alikuwa shujaa asiyeweza kupiga hatua. Huyu ana nyonga, magoti, viwiko na kiuno, navyo vimefichwa kwa ustadi ndani ya mistari ile ile ya zamani, hata mtu akiwaweka wawili hao pamoja wakiwa malori atalazimika kutazama mara mbili. Jina la mfululizo lina maana ya kiungo kilichokosekana, na katika Kiswahili neno hilo linasema kweli kuliko lilivyokusudiwa, kwani kilichokosekana ni viungo hasa.

Msomaji wa jarida hili, aliyezoea kuhesabu mizani, ataielewa kazi hii upesi kuliko mwingine yeyote. Roboti geuzi ni sanaa ya sheria ngumu. Kila kipande kina kazi mbili: dirisha sharti liwe dirisha, na liwe kifua pia; gurudumu sharti libebe lori, kisha lisimuaibishe mtu. Kipande kinachofanya kazi katika umbo moja tu, na katika umbo la pili kinaning'inia mgongoni bila sababu, ni sawa na neno lililochomekwa ili mizani itimie. Mshairi hodari hufanya kina kionekane kama kwamba ndilo neno pekee lililowezekana. Waundaji wa Convoy huyu wameukaribia uhodari huo. Hawakuongeza umbo ili kupata viungo. Wameviingiza ndani ya ubeti uleule, bila kuugusa urari wake. Kwa upande wa fani, basi, ninampa haki yake: ni kazi safi.

Kwa upande wa maudhui nina shaka. Kazi hii haisemi jambo jipya; inasahihisha kumbukumbu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1984 ametimiza miaka 50 mwaka 2024, na huyo ndiye aliyekusudiwa. Anapewa utoto wake tena, safari hii bila kasoro, na kwa bei isiyo ya mtoto. Si dhambi mtu mzima kuuenzi utoto wake. Lakini kasoro za yule wa kwanza ndizo zilizomlazimisha mtoto kubuni: shujaa asiyeweza kutembea alitembezwa kwa mkono, na sauti ya hatua zake ilitoka kinywani mwa mchezaji. Kila kiungo kilichoongezwa kimechukua sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Hapo ndipo linapoingia sharti la boksi. Baina ya wakusanyaji, kitu kilichofungwa kina thamani kuliko kilichofunguliwa, na mpwa wangu hakuwa mbaya kwa kulifuata soko. Siku tatu Convoy alikaa juu ya kabati la sebuleni. Siku ya nne aliingia mtoto wa jirani, wa miaka 10 hivi, akatoa shikamoo yake, akalitazama lile boksi kwa muda mrefu.

"Babu, kinafanya nini hiki?"

"Muulize mwenyewe," nikamwelekezea mpwa wangu.

"Kinageuka," akasema mpwa.

"Mbona hakigeuki?"

Mpwa wangu hakuwa na jibu. Jioni ile alichukua kisu, akaikata ile gundi ya karatasi pole pole kama mtu anayepasua samaki wa mgeni. "Mjomba, hapa nimepoteza fedha," alisema. Sikumbishia. Mtoto alikigeuza akakirudisha, akakigeuza akakirudisha, mpaka adhana ya magharibi ikamtoa.

Nimetafakari sana kwa nini kurudi kule kulimshika mtoto yule kuliko kugeuka. Mageuzi yasiyorudi tunayo mengi. Hapa hapa kwenye maji yetu, mwaka 1915, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia zilielekeza mizinga iliyoimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, tarehe 11 Julai. Wajerumani wakazing'oa bunduki zake kubwa kumi, wakazitia magurudumu, wakapigana nazo nchi kavu. Mmojawapo wa mizinga hiyo umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Hicho nacho kilikuwa chombo kilichogeuka. Lakini mizinga ile haikuwa meli tena. Katika lugha yetu mtu anayegeuka geuka tumemwita kigeugeu, wala si kwa sifa, kwa kuwa hatujui atakaporudi. Roboti geuzi ni kigeugeu mwenye adabu: anageuka bila kupoteza asili, na uzuri wake haupo katika lori wala katika mtu, bali katika ile njia iliyo baina yao, ambayo mkono unaipita kwenda na kurudi. Ndani ya boksi njia hiyo haipo. Roboti geuzi aliyefungwa ni diwani ambalo kurasa zake hazijakatwa.

Kwa mizani hiyo hiyo sasa tupime kazi ya pili, ambayo haina boksi, haina jina la kampuni, wala haijawahi kuhakikiwa: ngalawa ya kuchezea aliyoiunda mtoto yuyo huyo.

Nilimkuta nayo ufukweni Kilindoni asubuhi iliyofuata. Mwili wake ni kipande cha mti mwepesi kilichochongwa kwa panga na kumaliziwa kwa kisu. Ndubi zake mbili zimekatwa katika malapa yaliyotupwa na maji. Mlingoti ni ufito, foromali ni ufito mwembamba zaidi, usukani ni kibati. Tanga ni kipande cha kiroba. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, matanga ya ngalawa hizi yalikuwa ya mifuko, nayo yalishika upepo vizuri zaidi, kama watakavyokiri waliokuwa watoto wakati huo. Si kitu cha kupendeza macho. Ndubi moja ni ya buluu, nyingine ni nyeusi.

Lakini itazame kazi yake. Ngalawa ya mtoto ina sharti ambalo ngalawa ya baba yake haina: sharti iende bila nahodha. Hakuna wa kulegeza tanga upepo ukizidi, wala wa kuukaza usukani. Maamuzi yote ya baharia lazima yafungwe ndani ya umbo kabla ya kuachiwa. Mara ya kwanza ilizungukia upande na kulala. Mtoto akaitoa majini, akausogeza mlingoti nyuma kwa upana wa kidole. Mara ya pili ilikwenda, ikazidiwa na upepo, ndubi ya upande wa pili ikazama. Akaisogeza mbali zaidi na mwili. Mara ya tatu ilishika njia, ikaenda mbele yake akiifuata kwa miguu, maji yakimfika magotini. Hapakuwa na maneno, lakini yale yalikuwa uhakiki kamili: kazi ilisomwa, kasoro ikaonekana, sababu ikatafutwa, ikasahihishwa. Mafundi wa Jibondo, ambao bahari yote hii inawajua kwa uundaji wa majahazi, huunda vyombo vyao kwa jicho na mkono bila ya mchoro wa karatasi. Jicho la namna hiyo halipatikani ukubwani. Huanza kufundwa kwenye maji ya magotini.

Sitaki kumaliza kwa kusema kwamba cha kwetu ni bora na cha wageni ni takataka. Hukumu ya namna hiyo ni nyepesi, tena si ya haki, kwa kuwa sisi nasi tuna boksi letu. Wakati fulani nilinunua Dar es Salaam ngalawa ndogo ya mapambo, ya zile zinazouzwa kwa wageni. Ilikuwa imepakwa vanishi, tanga lake jeupe limekazwa kwa gundi, na kamba zake zote zipo mahali pake. Nilipoiweka katika beseni la maji ililala ubavu palepale, ikabaki hivyo. Ndubi zake zilikuwa ndogo mno, na mlingoti wake mzito mno, kwani aliyeiunda alijua kwamba haitaingia majini kamwe. Ilikuwa ngalawa ya kutazamwa. Hiyo na roboti aliyefungwa ndani ya boksi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: vyote viwili vimesamehewa kazi yao, kisha vikapandishwa bei.

Hatari iliyopo ni hiyo, nayo si ndogo. Mwenye kuunda huunda kwa ajili ya yule atakayempima. Wanunuzi wakipima kwa jicho, baada ya kizazi kimoja tutakuwa na mafundi wa jicho: ngalawa zisizoelea, mashairi yenye vina yasiyosomeka kwa sauti, roboti wa kupigwa picha. Convoy huyu, kwa bahati njema, aliundwa na watu waliomkusudia ageuke. Ukimfungua utaiona heshima yao katika kila bawaba. Ni soko lililomfunga, si fundi. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba anastahili kununuliwa na mwenye uwezo, kwa sharti lililo kinyume cha lile la mwanzo: boksi lifunguliwe, na mkono wa mtoto uwe wa kwanza.

Mpwa wangu amekwisha kurudi Maskat. Convoy amemwacha hapa, kwa kuwa huko hana bei tena, na sasa mguu wake mmoja una mkwaruzo. Ngalawa yenye ndubi ya buluu ilikatika uzi wiki iliyopita, siku ya maji makuu, ikaenda na upepo kuelekea Rufiji. Mtoto hakulia. Alipita kwangu jana kuomba malapa.