Jiko la Masika na Anasa Zake Ndogo

Msomaji, ukiambiwa uhakiki shairi au hadithi hushangai, kwa sababu umefundishwa kuwa kazi hizo zina hukumu zake. Lakini ukiambiwa uhakiki chungu cha mbaazi na sahani ya mahamri, labda utacheka. Utasema kuwa chakula huliwa, hakihakikiwi. Kitamu ni kitamu, kibaya ni kibaya, na mwenye ulimi ndiye hakimu. Nia yangu ni kukuonyesha kuwa hukumu ya ulimi peke yake haitoshi. Mapishi ya nyumbani, hasa yale madogo yanayopikwa kuwafariji watu wakati wa mvua na baridi, yastahili kupimwa kwa uangalifu ule ule ambao kwao hupimwa kazi nyingine za akili na mikono ya wanadamu.

Twaa mfano mmoja. Katika pwani ya Kenya mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Upepo wa kaskazi umekwisha, na wa kusi umeanza kuvuma. Bahari huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hawatoki kama walivyokuwa wakitoka, na samaki hupungua sokoni. Asubuhi kama hiyo, katika nyumba moja ya Mombasa au Lamu, mama wa nyumbani huweka mezani mbaazi zilizopikwa kwa nazi, mahamri yaliyotoka mafutani sasa hivi, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Si karamu wala si chakula cha wageni. Ni kifungua kinywa tu. Hata hivyo, watu wa nyumba hiyo hukaa kitako wakala polepole, na mvua ikipiga juu ya bati hawaioni kuwa ni adui. Je, uzuri wa chakula hiki umetoka wapi?

Kipimo cha kwanza ni kufaana na majira. Mbaazi kavu hukaa ghalani kwa muda mrefu bila ya kuharibika. Kwa hiyo, bahari inapokataa kutoa, ghala hutoa. Mbaazi nyingi za Kenya hulimwa Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, na nazi hutoka Kilifi na Kwale. Basi chungu kimoja kimekutanisha nchi kavu na ufuo wa bahari. Tena chakula hicho ni kizito, na mafuta ya nazi yaliyomo hukaa na mtu mpaka adhuhuri. Chakula cha namna hiyo, kikiliwa mchana wa Februari wakati jua la kaskazi linapochoma, huwa mzigo. Asubuhi ya Mei ni rafiki.

Sheria hii hata bara ni hiyo hiyo. Nenda Limuru au Nyandarua mwezi wa Julai, wakati ukungu unapofunika mashamba hata saa nne za asubuhi. Huko utakuta githeri, mahindi na maharagwe, ikichemka taratibu kwa muda wa saa nyingi. Mtu wa mjini mwenye haraka aweza kuihesabu kuwa ni kasoro, kwa sababu moto umetumika mno. Lakini moto ule ulikuwa na kazi mbili: ulipika chakula na ulipasha nyumba joto. Watoto walioketi karibu na mafiga walianza kufaidi githeri kabla haijaiva. Mhakiki asiyejua baridi ya Julai hawezi kuihukumu githeri kwa haki.

Kipimo cha pili ni ufundi, na ufundi wa jikoni ni subira iliyojua sababu zake. Angalia mahamri. Unga wa ngano hukandwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke. Hamira ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikila sukari hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua unga. Joto huviharakisha, baridi huvipunguza mwendo. Ndiyo maana usiku wa masika unga huchelewa kuumuka, na mpishi hodari huufunika kwa kitambaa akauweka mahali penye joto, wala hautii mafutani kabla ya wakati wake. Mpishi wa pupa hupata mahamri magumu, yaliyoshikana ndani. Kosa lake si la mkono bali la saa.

Hali kadhalika mbaazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Tui la kwanza ni zito, na wapishi wa pwani huliita kasimele. La pili ni jepesi. Mbaazi hurowekwa usiku, zikachemshwa mpaka zilainike, kisha zikapikwa kwa tui jepesi. Kasimele hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko hauachi kuzunguka. Ikichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji, na mchuzi ukapoteza ulaini wake. Utaona, basi, kuwa kila hatua ina sababu, na sababu hizo zilipatikana kwa kujaribu na kukosea kwa miaka mingi, na walizipata zaidi wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa nifike kwenye anasa yenyewe. Katika mahamri anasa ni iliki: punje chache zilizotwangwa, si zaidi. Iliki haishibishi mtu, na mahamri yasiyo nayo bado huliwa. Kwa nini basi itiwe? Kwa sababu harufu yake humwambia mlaji kuwa aliyepika alimfikiria zaidi ya tumbo lake. Lakini anasa hii ina nguvu kwa kuwa ni ndogo. Ikizidi, mahamri hunuka kama dawa. Hapa nina lawama juu ya mapishi mengi ya siku hizi: sukari hutiwa mpaka nazi haisikiki, na vikolezo vya dukani hutumiwa kuficha mchuzi uliopikwa kwa haraka. Anasa iliyotiwa kuficha uvivu si anasa tena. Ni pazia lililotundikwa mbele ya ukuta mbovu.

Wako wanaodai kuwa chakula chema ni kile tu cha asili, kisichochanganyika na cha wageni. Dai hili halisimami. Iliki na pilipili manga asili yake ni India, na zililetwa na vyombo vilivyosukumwa na pepo zile zile za kaskazi zinazotangulia masika. Mahindi ya githeri asili yake ni bara la Amerika, na hayakujulikana huku kabla ya Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498. Hata muhogo ni mgeni wa njia hiyo hiyo. Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Chakula huwa chetu kwa namna tulivyojifunza kukipika na kwa mahali tulipokiweka katika maisha yetu, si kwa mahali mbegu yake ilipoota kwanza.

Lakini pana pingamizi zito zaidi, nami sitaki ulipite bila ya kulitazama. Mtu aweza kuuliza: ni haki gani kusifu anasa za jikoni katika nchi ambayo wengine hawana hata cha lazima? Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo ilikufa, na watu wakategemea misaada. Kisha mwaka 2024 masika hayo hayo yalikuja kwa ghadhabu, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu. Sauti ya mvua juu ya bati hufariji mtu mwenye bati. Aliyechukuliwa nyumba yake na maji haisikii hivyo.

Pingamizi hili ni la kweli, nami nalikubali nusu yake. Nakubali kuwa anasa inayofunga mlango ni mbaya, hata ikiwa ni kikombe kimoja cha chai. Sikubali kuwa maskini hahitaji ila kushiba. Mtu aliyenyeshewa na kupoteza mali yake hahitaji chakula tu. Ahitaji pia kujua kuwa bado ni mtu mbele ya watu. Kwa hiyo kipimo cha tatu cha mapishi haya ni sahani inayotoka nje. Desturi ya kumpelekea jirani sehemu ya kilichopikwa, ambayo huonekana sana mwezi wa Ramadhani wakati sahani za futari zinapovuka kutoka nyumba hadi nyumba, si nyongeza juu ya mapishi. Ni sehemu yake. Chungu kisichomjua jirani kina kasoro, hata kama kasimele yake haikukatika.

Tena iko kasoro moja ambayo wasifu wa chakula huipitia mbali, nami niliipitia mbali kwa miaka. Nilipokuwa mtoto nilisifu mahamri ya mama kila asubuhi ya mvua. Sikuuliza aliamka saa ngapi. Siku moja aliugua, nikatumwa mimi kuwasha moto saa kumi za alfajiri. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi ulijaa jikoni, nami nikatoka nje nikikohoa na macho yakitiririka machozi. Hapo ndipo nilipoelewa kikohozi nilichokuwa nikikisikia kila siku nikiwa kitandani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi na uchafu wa hewa majumbani, utokao zaidi katika kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni. Basi faraja yangu ililipiwa na mapafu ya mtu mwingine, nami nilikuwa nikiita deni hilo utamu.

Simaanishi kuwa tuache mahamri. Namaanisha kuwa mhakiki wa kweli huingia jikoni kabla ya kuketi mezani. Kijana wa kiume asemaye kuwa kazi ya jiko haimhusu, na huku akidai mbaazi ziwe laini, amejitwalia kiti cha hakimu bila ya kusikiliza shahidi. Kula kutamu, kulima mavune. Na kupika nako kuna mavune yake. Dirisha likifunguliwa, jiko bora likinunuliwa, na mikono miwili zaidi ikisaidia kukuna nazi, chakula hakipungui utamu. Huongezeka, maana mpishi naye hupata nafasi ya kuketi na kula kingali moto.

Basi, msomaji, mvua zijazo zikikukuta nyumbani, tazama chakula kilicho mbele yako ujiulize maswali manne. Je, chafaa majira haya? Je, kimepikwa kwa subira, na anasa yake ina kadiri? Je, jirani amepata? Na je, aliyekipika yuko wapi wakati huu: ameketi nasi, au bado yumo katika moshi? Ukiweza kuyajibu matatu ya kwanza kwa ndiyo, chakula ni chema. Ukikuta kuwa la nne huwezi kulijibu, inuka kwanza ukamwite.